Waliopanda Ndege Namba Kumi na Moja

Walipolishusha jeneza la zinki kutoka kwenye lori, Sajini Prokop alikuwa na dua moja tu: mama mfiwa asije akasema lifunguliwe. Mama wote husema. Yule wa juzi, kule mjini, alikuja na shoka.

"Taratibu, msije mkaliangusha," aliwaambia wanaume wa kijiji.

"Mbona zito hivi?" mmoja akasema huku akihema. "Ignat mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufagio."

"Ni zinki hiyo, mzee."

Majibu yote alikuwa nayo tayari. Ndani mlikuwa na mchanga. Wiki tatu nyuma, ndege namba kumi na moja iligonga mlima kabla ya kufika Kabul, ikaungua na askari wake wote, na theluji ikafunika kila kitu. Hakuna aliyeweza kupafikia. Mkubwa mmoja akaona aibu kuwapelekea wazazi barua tupu. Akaamuru majeneza yajazwe mchanga, yachomelewe, yasafirishwe. Atakayefungua mdomo, jela.

Prokop aliijua ndege ile kuliko alivyomjua mkewe. Miaka sita alikuwa mpakiaji wake. Ilikuwa na injini nne, moja ikivuja mafuta tangu ilipozaliwa, na tumbo lenye harufu ya vitunguu isiyotoka hata ikioshwa. Kwenda vitani Afghanistan ilibeba kabichi, risasi, na vijana wapya waliotapikia kofia zao. Kurudi ilibeba majeneza. Ikitua tu, watu uwanjani walikatiza maongezi. Kwenye bwalo, nani angetaka kukaa meza moja na watu wake?

Siku ile ya ajali, kwenye uwanja wa Tashkent walikoanzia safari, rubani alimshusha Prokop ili wabanane vijana wawili zaidi. Kwa kawaida yeye ndiye aliyewahesabu mlangoni. Siku ile walipanda wakisukumana bila kuhesabiwa, mlango ukafungwa, basi. Wenzake wakaenda. Yeye akabaki kusambaza mchanga, kijiji kwa kijiji. Tangu hapo hakulia wala hakucheka. Ganzi tupu, kuanzia kichwani mpaka unyayoni.

Mama yake Ignat aliitwa Stefa, mjane mfupi mwenye kitambaa cheusi. Hakupiga yowe. Alilizunguka jeneza, kisha akamsogelea Prokop na kumwuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, humo mna mtu?"

"Ignat wako yumo, mama. Amekufa kishujaa."

Kusikia hivyo ndipo Stefa alipoangua kilio. Alilikumbatia lile bati la baridi. "Maskini mtoto wa watu! Maskini mama aliyekuzaa!"

Majirani nao wakaangua. Katikati ya vilio wifi yake, Ahapa, akajitokeza na nyundo mkononi. "Lifunguliwe tumwone! Tangu lini watu wanazika bati?"

Lakini kabla Prokop hajatamka lolote, Stefa alikuwa amesimama mbele ya wifi yake.

"Asiguse mtu! Anayetaka kulifungua anizike mimi kwanza."

"Una wazimu, Stefa? Si mwanao wa pekee huyu?"

"Nimesema. Rudisha nyundo yako ulikoitoa."

Ilikuwa mara ya kwanza mama mfiwa kumwokoa. Prokop alijua kwamba angepaswa kushusha pumzi. Hakuhisi kitu.

Wakazika nyuma ya kanisa lililofungwa, udongo ukiwa mgumu kwa baridi. Wakarudi nyumbani kwa Stefa, wakala chapati nyembamba na uji wa ngano wenye asali, wakanywa pombe kali bila kugonganisha glasi. Mmoja mmoja wakaaga. Nje dereva akapiga honi.

"Sajini! Unahamia hapo? Barabara inaganda!"

Prokop akachukua kofia yake. Stefa alikuwa amesimama mlangoni, amemzibia njia.

"Nakuuliza tena. Humo mna mtu?"

"Mama, si nimeshakwambia?"

"Umeniambia ulichofundishwa. Mimi nimeweka msalaba pale, na jina. Nitalipalilia lile kaburi mpaka nife. Lazima nijue nampalilia nani. Nihurumie, mwanangu. Hili jambo litanitoa roho."

Honi ikalia tena. Prokop akaitazama mikono yake yenye udongo wa kaburini. Neno moja tu lingetosha kumfunga miaka. Alimkumbuka mama yake mwenyewe, angali hai kule kwao, na kifuani kitu kikamchoma. Kiliuma kweli, na alikuwa amesahau maumivu yalivyo.

"Hamna," akasema. "Hamna mtu, mama. Mchanga mtupu. Hawakumpata mwanao, hawakumpata mtu yeyote, wote wako mlimani. Nimekudanganya. Kanishtaki, ni haki yako."

Stefa akapiga ishara ya msalaba mara tatu. Uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ashukuriwe Mungu," akasema. "Basi sijamnyang'anya mama yeyote mwanawe."

Prokop akadhani huzuni imempanda kichwani. Akapiga magoti, na kilio cha wiki zote tatu kikamtoka kwa kishindo, hata dirisha likatetema. "Nisamehe, mama! Nisamehe!"

Stefa akamziba mdomo kwa kiganja.

"Taratibu, mwanangu," akanong'ona, akiinamisha macho kwenye mbao za sakafu. "Ignat yuko hapa chini, kwenye shimo la viazi, na ndiyo kwanza usingizi umemchukua."