Mshenga wa Barafuni

“Yote nitakayosema ni kweli tupu, na kama naongopa, radi inipige hapahapa kwenye kochi lenu,” Polikarpo aliapa, na kwa kiapo hicho akatozwa kuku wa nne.

Wa kwanza alikuwa wa kuketi kabla hajakaribishwa. Wa pili, wa kumtaja binti kwa jina. Wa tatu, wa kukohoa wakati shangazi mtu anaongea. Na sasa huyu, wa kuita radi ndani ya nyumba ya watu. Nyumba yenyewe, aliwaza Polikarpo, sakafu imepasuka hadi mchwa wanapiga chabo, kalenda ukutani ya mwaka juzi, halafu wanatoza faini kama mahakama!

Alikuwa amekuja Lumemo kumposea mjukuu wake, Tadei. Asubuhi ile kule Lupiro, akiwa anapanda pikipiki, kijana alimshika mkono. “Babu, nakuomba, leo usitie chumvi. Sema nalima mpunga, basi. Hawa wakinikataa, mimi sioi tena.” Akataka kumweleza na habari za binti, amesoma nini, anafanya kazi wapi. Polikarpo akamkatisha. Kwani binti ndiye anayeposa?

Mkulima! Watu hawa walishamrudisha bwana wa benki, wakamrudisha na daktari mzima wa Morogoro. Uwapelekee mkulima wa ekari tatu na bata sita? Si watakurushia barua usoni?

“Haya, mshenga,” alisema Scolastica, shangazi wa binti, mwanamke mwenye jicho la kukagua samaki wa jana. “Kijana wenu anafanya kazi gani?”

Polikarpo alijiweka sawa. Miaka ishirini alitunza stoo ya watafiti wa mbu pale Ifakara, na kwenye makaratasi ya kutupwa akaokota kitabu kinene cha wanyama wa baharini kwenye ncha za dunia. Alikisoma mwaka mzima, kamusi mkononi, mpaka kikamwingia. Tangu hapo kijiweni hakuna aliyemweza. Nani ataenda kwenye barafu kuhakiki?

“Mtafiti,” alisema. “Anakwenda kusini kabisa ya dunia, baharini, chini ya barafu. Anachunguza wanyama wadogo wa kwenye tope, ndugu wa kaa na kamba. Kuna waliobanwa ubavuni kama kiroboto, kuna walio bapa kama kunguni. Wengine kama punje ya mchele, wengine wanajaa kiganja.”

“Kunguni,” Scolastica alirudia, akamgeukia kaka yake. “Umesikia, Beatus? Mkweo anahesabu kunguni.”

“Wa majini, mama! Na majike yao hayatagi yakaondoka. Yanabeba mayai kifuani, kwenye mfuko, ndiyo maana vitoto haviendi mbali. Ukishusha wavu mahali unapata aina hizi, ukisogea kama kutoka hapa hadi Mngeta unapata nyingine kabisa.”

Mzee Beatus, baba wa binti, ambaye hadi hapo alikuwa akichokonoa meno kwa njiti, aliuliza, “Na kusini na kaskazini, aina nyingi ziko wapi?”

Mtu hata Dodoma hajafika, aliwaza Polikarpo, anaulizia kaskazini ya dunia. “Kusini, mzee mwenzangu. Kule kumejitenga tangu enzi na enzi, wakazaliana wenyewe kwa wenyewe.”

“Eti eee. Na anakaa huko muda gani?”

“Miezi minane. Krismasi hatuli naye.”

“Na shamba?”

“Shamba?” Polikarpo alicheka hadi kochi likalia. “Mjukuu wangu na jembe? Mzee, kulima ni kwa waliokosa akili ya kufanya kingine.”

Wenyeji wake walitazama miguu yao, iliyopasuka visigino kwa maji ya majaruba ya mpunga. Kuku wa tano. Kuku wa sita.

“Sasa akiwa huko kwa kunguni wake,” Scolastica aliuliza taratibu, “nyumbani anabaki nani na watoto?”

“Si mke? Kazi ya mke ni nini nyingine?”

Mzee Beatus alitupa njiti. Aliichukua barua ya posa pale mezani, akaikunja mara mbili, akamtia mkononi. “Mwambie mtafiti wako tumekataa. Nenda salama.”

Polikarpo alisimama. Katika miaka yake sabini na mmoja hakuna aliyewahi kumsikia akifuta kauli yake, na hakuona sababu ya kuanza leo, mbele ya watu wa sakafu ya mchwa. Akafika mlangoni. Akashika komeo. Huko Lupiro, Tadei alikuwa amekaa sasa hivi anaikodolea macho simu, anasubiri iite.

“Nimedanganya,” alisema, bado ameuelekea mlango. “Hakuna cha utafiti. Analima mpunga, ekari tatu. Anafuga bata. Anajipikia mwenyewe, na bahari hajawahi kuiona hata kwa mbali. Mkimkataa, mkataeni kwa hayo.”

Nyuma yake Scolastica aliangua kicheko, kile cha kujiziba mdomo kwa khanga.

“Huyo wa bata tulishamkubali tangu wiki iliyopita,” alisema Mzee Beatus, akamfuata mlangoni na kuichukua tena ile barua. Kisha akapaza sauti kuelekea chumbani. “Luciana! Toka, mwanangu, uje umwamkie mshenga. Amemaliza kutueleza kazi yako.”

Polikarpo alijitoza mwenyewe kuku kumi kabla mlango wa chumbani haujafunguka.