Bembea ya Mlangoni

Kwii... kwii. Umeme ulikuwa umekatika tangu jua lizame, na katika giza la chumba kile sauti ilikuwa moja tu, ya bembea ya mtoto ikienda na kurudi mlangoni.

"Mteremshe huyo," mume alisema kutoka kitandani.

Mkewe akawasha mshumaa. Tangu siku ile kulabu iliponyofoka kwenye winchi ya meli alikokuwa akifanya kazi mumewe na mzigo wote ukamwangukia mguuni, mambo mengi mume alikuwa anayavumilia. Redio ya jirani sawa, maumivu sawa. Bembea tu ndiyo ilimkosesha raha. Lakini mke hakuwa na moyo wa kuifungua. Ile ya kwanza kamba yake ililika kwenye msumari ikakatika, binti yao akatoka nundu kubwa, na baba mtu akaapa kwamba mwanawe hataanguka tena. Hii ya pili aliifunga mwenyewe, akaviringisha kitambaa kinene pale juu, eti mtoto asijebanwa vidole. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya akiwa amesimama.

Hodi ikapigwa. Alikuwa wakili wa kampuni iliyoikodi ile meli.

"Karibu. Lakini kaa kwa adabu, wakili," mke alimwambia, "hicho kiti nacho kinadai fidia."

Mgeni akacheka kidogo, akakaa nusu nusu.

Miezi yote hiyo walikuwa wanazungushwa. Mwenye meli aliwatuma kwa waliokodi, waliokodi wakawarudisha kwa mwenye meli, na huku daktari akisema mguu hausubiri maneno ya watu: bila upasuaji, utakatwa.

Leo wakili alikuja na sura nyingine. Alieleza taratibu kwamba kampuni imekubali kubeba lawama. Meli waliikodi wao, pamoja na vifaa vyake, na ile pete ya chuma iliyoshikilia kulabu ilikuwa imeliwa na kutu. Upasuaji wataugharamia wao. Mke akaufunika uso kwa viganja, machozi yakapenya katikati ya vidole.

Mume akavuta shuka mpaka kifuani.

"Limebaki jambo moja," wakili akasema. "Msimamizi wa winchi tumemfukuza kazi, lakini mpaka leo anaapa. Anasema siku moja kabla ya ajali alifunga pete mpya, ya njano, na kwamba kuna mfanyakazi aliyeichomoa akairudisha ile kuukuu. Ingekuwa kweli, sisi tusingewajibika. Tumepekua meli nzima, hatukuiona. Nauliza tu kwa utaratibu: mmewahi kusikia habari zake?"

"Huyo anatafuta pa kujifichia, kaka yangu," mke akajibu, akijifuta macho. "Mtu amemlemaza mwenzake, halafu anasingizia wengine. Hana hata haya."

Mume alikuwa ameugeukia ukuta.

Bembea ikanyamaza. Binti alikuwa amesimama juu ya kibao chake, mkono mmoja ameunyoosha mpaka kwenye fundo la kitambaa.

"Pete ya njano iko humu," akasema.