Kura za Kopo la Biskuti

Saa tatu kamili asubuhi, katika ukumbi wa nyumba ya wazee ya Garside, mwaka 1974 ulianza upya.

Kituo cha runinga cha bunge kilikuwa kinarudia matangazo yote ya usiku wa uchaguzi wa mwaka ule, saa kwa saa, mpaka jioni. Meneja, Nigel Hebden, ndiye aliyewawashia. Wazee ishirini na wawili walivuta viti, wakatazama wanaume wenye ndevu za mashavuni wakivuta sigara studioni na kusogeza kwa mkono mshale mkubwa wa kupimia kura.

Hicho ndicho Nigel alichotaka: utulivu mpaka saa kumi. Saa kumi wakili angefika na hati ya kuuza nyumba. Ingegeuzwa hoteli, na wazee wangetawanywa katika miji minne. Nigel hakuwa mtu mbaya; alikwisha kumtafutia kila mmoja chumba chenye dirisha. Alipowapa habari mwezi uliopita, Bi Enid Thackray alijibu kwa niaba ya wenzake, macho yake yakiwa kwenye ufumaji.

"Sisi hatuendi popote."

Nigel aliandika kwenye daftari kwamba Bi Enid bado hajaelewa. Hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Mwakilishi wa wakazi alifariki miaka mitatu nyuma, na mkutano wa kumchagua mwingine uliahirishwa kwa sababu ya mafua, kisha sakafu mpya, kisha mafua tena.

Saa tano alisikia makelele ukumbini. Horace Pickersgill, mwenye miaka tisini na mmoja, alikuwa amebandika ua la utepe wa buluu kifuani, kama wagombea wa kwenye runinga. Dilys Threlfall, aliyefanya kazi miaka arobaini kwenye mitambo ya kufuma na kuacha nusu ya usikivu wake huko, alivaa la manjano. Horace alikuwa anamweleza kwamba hata paka wa jikoni hawezi kumpigia kura. Dilys akasema paka huyo alikwisha kumwahidi yeye.

"Haya, nani anaongoza?" Nigel aliuliza kwa uchangamfu.

"Mapema mno kusema," alijibu Enid.

Nigel alitupia jicho runinga. Matokeo yale yalikuwa na umri wa kumzidi yeye. Huruma ikamwingia moyoni.

Enid alikuwa amesimamia kura katika ofisi za mji kwa miaka thelathini, na mikono yake haikuwa imesahau. Alitundika pazia la chumba cha msusi kwenye kona, akafunga penseli kwa uzi ili mtu asiondoke nayo, akatoboa mfuniko wa kopo la biskuti. Kabla ya kulifunga kwa gundi alilizungusha ukumbi mzima, kila mtu aone kwamba ni tupu. Kisha wakapita mmoja mmoja nyuma ya pazia, wengine kwa magongo, wengine kwa viti vya magurudumu, naye akiwatia alama kwenye orodha ya kifungua kinywa.

Nigel aliwaletea chai, akawapiga picha kwa ajili ya jarida la nyumba.

Baada ya chakula cha mchana walihesabu. Horace alishindwa kwa kura tatu, akadai zihesabiwe tena. Zilihesabiwa tena, akashindwa kwa zile zile tatu. Karatasi moja iliharibika: mtu alikuwa amechora nguruwe aliyevaa miwani ya Nigel. Utaratibu unataka karatasi kama hiyo waonyeshwe wagombea wote wawili. Waliikagua kwa muda mrefu, wakakubaliana kwamba si kura halali, ila mchoro umefanana sana.

Saa tisa na nusu Enid alisimama kwenye mlango wa ofisi.

"Tunakuhitaji, mwanangu. Matokeo hayatangazwi na mtu yeyote tu. Bila wewe huu ni mchezo."

Nigel alitazama saa yake. Dakika tano hazingemdhuru.

Walikuwa wameizima sauti ya runinga. Nigel alisimama mbele ya runinga, akakohoa kidogo kama walivyokohoa wale mabwana wa usiku ule, akasoma kwa sauti nzito.

"Horace Pickersgill, kura tisa. Dilys Threlfall, kura kumi na mbili. Iliyoharibika, moja. Natangaza kwamba Dilys Threlfall amechaguliwa kihalali."

Walioweza kusimama walisimama. Horace alimpa Dilys mkono, akamwambia sasa basi akafanye kazi, wasije wakajuta. Enid akasogeza karatasi na kalamu. Nigel alitia sahihi, na ili kumfurahisha bibi wa watu, akaanza kuandika mwaka 1974. Enid alimshika kiwiko.

"Andika tarehe ya leo."

"Ya leo, bibi yangu," alisema Nigel, kwa sauti anayotumia wakati wa kugawa dawa, akaiandika.

Saa kumi wakili alifika. Bi Farrow alikuwa mtu wa utaratibu. Alisogeza viti viwili mezani, akakunjua hati kuukuu ya mzee Garside, mwenye kiwanda cha sufu aliyeiacha nyumba ile kwa ajili ya wazee wa mji.

"Nyumba ikiuzwa, sahihi ya meneja na ya mwakilishi wa wakazi," alisoma. "Uliniandikia kwamba kiti chake hakina mtu, kwa hiyo yako inatosha. Bado hakina mtu?"

"Bado," Nigel alisema, akachukua kalamu.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Dilys Threlfall aliingia na ua lake la manjano kifuani, akaweka karatasi ya matokeo mbele ya wakili.

Bi Farrow aliisoma taratibu, kuanzia juu palipoandikwa "Mwakilishi wa Wakazi" mpaka chini kabisa, kwenye sahihi ya Nigel na tarehe ya leo. Kisha akainuka, akavuta kiti cha tatu.