Ofisi ya Chini ya Ngazi

Bertin alilala chali kwenye sakafu ya saruji, suti yake mwilini, akanyoosha mikono pande zote mbili.

"Ukuta moya hapa, ingine pale," alisema. "Vidole viguse."

Marlène, mpambaji wa majengo ambaye Bertin alimwita kutoka Lubumbashi, alitazama juu. Karakana hii ya zamani ya mabehewa, hapa Likasi, ingetosha kuchezea mpira. Alikwisha kuichora: makochi na vitanda vya kuuza chini ya madirisha makubwa, winchi kuukuu katikati imebeba taa, na juu ya ngazi ofisi ya vioo inayoona ukumbi mzima. Bertin alikubali yote. Kisha akaomba ofisi ya pili, huku nyuma, chini ya ngazi.

"Na dirisha, patron?"

"Dirisha ya nini? Weka katundu kamoja kule juu."

"Sasa hii ni bureau ao kabati?"

"Bureau. Na mulango ikuwe ya chuma."

Jimmy, fundi mwashi, alicheka hadi mwiko ukamtoka mkononi. Patron, alisema, anajijengea kaburi kabla Mungu hajamwita. Wenzake walikataa: anamkimbia mke wake tu.

Aliyefurahi ni Papa Stanislas, mstaafu wa serikali ambaye Bertin alimwajiri awe meneja. Kila alipopita alipanda moja kwa moja kwenye ofisi ya vioo, akakijaribu kiti, akaamuru meza igeuzwe itazame ukumbini.

"Bantu, inafaa ubaone saa yote," alimfundisha Marlène, akiwanyoshea mafundi kidole. "Ukigeuza macho, banaharibika."

"Ndiyo, chef," Bertin alijibu kwa adabu, kofia mkononi.

Siku moja Marlène alishindwa kuvumilia.

"Patron, mwenye mali ni weye. Huyu mzee akae mu vioo, weye ujifiche kama panya?"

"Papa Stanislas tunajuana tangu zamani," alisema Bertin. "Alinifundisha mambo mingi."

Siku ya ufunguzi padri alinyunyizia makochi maji ya baraka. Wageni waliyakalia yote, wakanywa soda, wakasifu winchi, wala hawakununua hata mto. Papa Stanislas, tai mpya shingoni, alielekea kwenye ngazi.

Bertin alimshika mkono taratibu, akamzungusha hadi nyuma, akausukuma mlango wa chuma.

"Bureau yako ni hii, chef."

Mzee alichungulia ndani.

"Lakini Bertin... mbona haina dirisha?"

"Minye pia nilikuuliza vile, siku uliponifungia mu gereza yako," alisema Bertin, akimwekea ufunguo kiganjani. "Ulinijibu: muntu anazoea."