Karai la Trufosa

Shemeji yake Trufosa aliingia bila hodi, akatundika koti kwenye msumari wa marehemu kaka yake, akaketi.

"Wazee wa hapa Kendu wameniambia nikurithi, Trufosa. Nikishakula chakula chako tu, umekuwa mke wangu."

Vipande vya nyama ya ng'ombe vilikuwa vinang'aa kwenye karai, sukari guru imeyeyuka ikavishika pande zote. Trufosa akaepua karai, akaliweka mapajani juu ya gunia, akaanza kula.

Alikula bila haraka, mafuta matamu yakimchuruzika hadi kidevuni. Shemeji alinawa mikono, akangoja.

"Na mimi je?"

Trufosa alipangusa karai kwa kipande cha mwisho, akakitia mdomoni. Kisha, kwa vidole vile vile vyenye mafuta, akalitungua koti.

"Shika, shemeji. Mimi nimeshiba."