Kimalayalam cha Miezi Sita

Katika mtihani wa utumishi wa umma, Tume humpa mtahiniwa lugha ngeni kichwani kwa miezi sita, kisha huiondoa pamoja na kila alichokisoma kwayo. Salha alipewa Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, asome fasihi yake. Kwa kuwa hakutaka hadithi zipotee, kila jioni alimsimulia mama yake, Bi Rukaya, wakimenya viazi.

Alifaulu. Bi Rukaya alipiga vigelegele, na saa sita mchana lugha ikaondolewa.

"Mama, hivi nilikusimulia nini?"

"We mtoto! Mjane aliyeushtaki mfenesi wa jirani, umemsahau? Hakimu akauamuru mti usimame!"

Salha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa na njia ya kujua ni wapi mama yake alikuwa akibuni.