Tarehe za Kilima cha Masereka

Vagheni aliandika tarehe kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu kilima cha Masereka kilitokea kitupu kwenye skrini.

"Bado?" aliuliza kaka yake, Melchior, aliyesimama nyuma ya kiti. "Mais mashine yako iko na shida gani?"

"Hapana mashine. Ni miye. Miezi yake inaanzia kwa sifuri, njo maana ninachanganya."

Ndivyo ilivyo. Katika lugha ile ya kompyuta Januari ni sifuri, Aprili ni tatu. Vagheni, ambaye kila siku pale ofisini Butembo huwatafutia watu mashamba yao katika picha za satelaiti, alikuwa amelisahau jambo hilo kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Hasira ndiyo iliyomvuruga.

Kesho yake ukoo ungekutana kumhukumu Kitsa, baba yao mdogo. Baba yao alizikwa tarehe kumi na mbili Aprili 2023, na Kitsa ndiye aliyebaki kuutunza msitu wa mikaratusi ambao marehemu aliwaachia watoto. Matanga yakiisha, baba mdogo huwapeleka watoto kuwaonyesha mipaka. Kitsa hakuwapeleka. Mara njia si salama, mara mvua, mara mguu unamuuma. Walipojipeleka wenyewe, mwaka mzima baadaye, walikuta visiki.

Wala hakujitetea. Alitazama chini tu, na kwao hiyo ilitosha. Na huyu ndiye aliyembeba Vagheni mgongoni hadi zahanati alipougua malaria utotoni! Angesalitiwa na mtu baki, angemeza mate yaishe. Kwa Kitsa alishindwa. Alitaka picha mbili tu: ya siku ya mazishi, miti ikiwa imesimama, na ya baadaye, miti ikiwa haipo. Ukoo ukiziona, Kitsa angefukuzwa katika nyumba yake licha ya uzee wake.

"Papa mwenyewe alitoka kule mwezi wa tatu," Melchior alisema. "Alituambia miti inafaa sasa kutoa mbao. Alikuwa anacheka, unakumbuka? Donc ilikatwa baada ya yeye kufa. Weka tarehe ya mazishi, tumalize."

Aliiweka. Safari hii alihesabu kwa vidole: sifuri, moja, mbili, tatu. Aprili 2023.

Kitupu.

Akarudi nyuma. Machi, mawingu matupu, kawaida ya Masereka. Februari, kitupu. Januari vilevile. Desemba 2022, hakuna mti hata mmoja. Novemba, nusu ya kilima ina miti na nusu haina. Oktoba, kilima chote kijani.

Alizijaribu tarehe hizohizo kwenye msitu wa jirani. Miti ya jirani ilikuwepo miezi yote. Programu haikuwa na kosa, na vidole vyake havikuwa na kosa.

Moyo ulimuuma vingine kabisa sasa: baba yao alipocheka ule mwezi wa tatu, kilima kilikuwa kitupu tayari. Alichukua simu, akampigia Kitsa, akaweka spika ili kaka yake asikie.

"Papa mudogo, niko naona kilima. Mwezi wa kumi na mbili, miti yote imekwisha kukatwa. Papa alikuwa angali muzima. Alikuwa anaenda kule kila posho, kila wiki."

Mvua ilisikika ikipiga mabati ya nyumba ya Kitsa.

"Nani mwingine ameona?"

"Miye na Melchior."

"Basi muzime hiyo mashine, batoto yangu," alisema. "Kesho muniulize mbele ya mama yenu, nami nitajibu ni miye njo nilikata, hapana papa yenu."